Mota Ikitetemeka, Kata Umeme Kwanza

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumba: hapa Goma vijana hutoa katika mashine za kuchapa zilizokufa mota ndogo yenye waya nne, inayozunguka hatua kwa hatua. Ikitetemeka bila kuzunguka, hubadilisha waya umeme ukipita. Kifaa cha kuiongoza huungua, pamoja na kidole kinachokigusa.

Nasema: asikatazwe, afundishwe. Akate umeme, afungue waya zote, aunganishe mbili, azungushe kijiti cha mota kwa vidole. Kikiwa kizito, hizo ni jozi. Mbili zilizobaki ni jozi ya pili. Kikiwa chepesi, ajaribu waya mwingine. Jozi zisichanganywe.

Kazini twakata umeme kabla ya kushika waya. Sheria hiyo ifike nyumbani. Kifaa hununuliwa kingine, kidole, hapana.