Mali Bila Daftari: Programu Ipi ya Hesabu Yamfaa Mwenye Duka Dogo?



Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu mnaoshughulika na biashara ndogondogo, juma hili twaielekeza kalamu yetu bara, Kitui na Makueni, kwa kuwa huko ndiko lilikotoka swali tunalolijibu. Familia kadhaa za Kiislamu zilizoko Mwingi, Kitui mjini na Wote, pamoja na miji ya barabara kuu ya Mombasa kama vile Kibwezi na Makindu, zimetuuliza: katika hizi programu za hesabu zinazotangazwa kila siku kwenye simu, ni ipi iliyo nafuu na inayomfaa mwenye duka dogo?

Swali hili latuhusu sote. Pwani na Ukambani zimekuwa zikifanya biashara pamoja tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, nao Waswahili wakipanda Kitui kuuza na kununua. Leo kinachoshuka ni maembe ya Makueni, asali ya Mwingi, na pojo, ambazo wenyeji wa huko huziita ndengu. Bidhaa zimebadilika, lakini neno la wahenga lingali pale pale: mali bila daftari huisha bila habari.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Programu nafuu haipimwi kwa bei peke yake. Programu nafuu ni ile itakayojazwa kila jioni bila kukosa, itakayoyaweka madeni wazi, na itakayosomeka na mtu mwingine siku mwenyewe hayupo. Ikikosa mojawapo ya mambo haya matatu, hata ikiwa ya bure, ni ghali.

Lijue duka lako kwanza

Kabla ya kuuliza jina la programu, yampasa mwenye duka aitazame biashara yake ilivyo. Katika Kitui na Makueni mvua inayotegemewa zaidi ni ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ndengu huvunwa mwanzo wa mwaka, na maembe nayo huuzwa kwa wingi katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo mteja anayechukua unga, sukari na sabuni mwezi wa Oktoba huahidi kulipa mavuno yakipatikana. Mvua ikikatika, deni huhamia msimu ujao. Duka la namna hii huishi kwa deni kuliko linavyoishi kwa fedha taslimu, na programu isiyoweza kuonyesha kila mdaiwa kwa jina lake, kiasi anachodaiwa, alicholipa kidogokidogo na kilichobaki, haifai hata kama ina mapambo mengi.

Jambo la pili ni mtandao. Mjini Kitui au Wote intaneti hupatikana bila taabu, lakini mwenye duka kijijini hujikuta mara nyingine hana mtandao au hana bando. Programu itakayokataa kuandika mpaka mtandao urudi itamrudisha kwenye kumbukumbu ya kichwa, na kichwa husahau.

Jambo la tatu ni vipimo. Ndengu hununuliwa kwa gunia na kuuzwa kwa kilo au kwa kopo, na asali hununuliwa kwa ndoo na kuuzwa kwa chupa. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya duka la viatu huhesabu kitu kizima kizima. Basi kabla ya kuikubali, jaribu kuandika gunia moja lililoingia na kilo tatu zilizotoka, uone kama itasema sawasawa kilichobaki.

Ngazi nne, na bei zake

Ngazi ya kwanza ni daftari la karatasi pamoja na jedwali la kompyuta au simu, kama vile Excel au Google Sheets. Google Sheets haina malipo. Mwenye kibanda cha mboga au anayeuza mikate na vitafunio kutoka nyumbani hahitaji zaidi ya hapo. Safu za tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na salio zamtosha, pamoja na ukurasa wa pili wa wadaiwa.

Ngazi ya pili ni programu ya mauzo katika simu. Iliyoenea ni Loyverse, ambayo sehemu yake ya msingi ni ya bure, huendelea kuandika mauzo mtandao ukikatika, na hufuatilia bidhaa zilizobaki. Ikumbukwe kwamba hii ni programu ya mauzo na bidhaa, si ya hesabu kamili. Usimamizi wa wafanyakazi na udhibiti wa ndani zaidi wa bidhaa hulipiwa. Mwenye kuitumia atahitaji bado daftari la madeni na la matumizi pembeni.

Ngazi ya tatu ni programu za kompyuta zisizo na malipo ambazo hazihitaji mtandao. GnuCash ni mojawapo, nayo imekuwapo tangu miaka ya 1990. Ni ya bure kabisa, na hufuata kanuni ya kuandika kila jambo pande mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa. Nguvu yake ndiyo ugumu wake, kwani asiyewahi kusoma uhasibu ataisumbukia. Nyingine ni Manager, ambayo toleo lake la kompyuta ni la bure na lina mahali pa wateja, wauzaji wa jumla na bidhaa. Toleo la mtandaoni la Manager hulipiwa. Kwa familia iliyo na kompyuta moja nyumbani na kijana aliyemaliza kidato cha nne, ngazi hii huenda ikawa ndiyo bora.

Ngazi ya nne ni programu za kulipia kila mwezi kupitia mtandao: QuickBooks Online, Zoho Books, Xero na nyinginezo. Hizi ni nzuri, na QuickBooks inajulikana sana na wahasibu wa Kenya. Zamfaa mwenye matawi, wafanyakazi kadhaa na mhasibu wa kumwendea. Mwenye duka moja asizikimbilie kwa sababu jirani anazo.

Na kabla ya kulipa, piga hesabu hii. Tuseme programu yataka shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Ikiwa pakiti moja ya unga yakuachia faida ya shilingi 10, basi pakiti 1,800 za mwaka huo zitauzwa kuilipa programu peke yake. Je, itakuokolea madeni na upotevu unaozidi kiasi hicho? Ikiwa ndiyo, lipa kwa moyo mkunjufu. Ikiwa hujui, bado hujafika wakati wa kulipa. Uangalie pia kama bei imewekwa kwa dola, kwa maana shilingi ikishuka gharama yako itapanda bila wewe kuongezewa chochote.

Kodi si daftari

Wengi wamechanganyikiwa na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Mfumo huu hutolewa bure na KRA yenyewe, kwa simu na kwa kompyuta, kwa hivyo asije mtu akakuuzia kama kitu adimu. Lakini kazi kubwa ya eTIMS ni kutoa ankara. Haitakwambia mteja gani hajalipa, wala nauli ya mzigo ilikula kiasi gani cha faida. Mwenye shaka kuhusu wajibu wake aende Huduma Centre, Kitui au Wote, aulize, kwa kuwa sheria hizi hurekebishwa mara kwa mara.

Lipo jambo moja ambalo wenye maduka hulisahau. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo, yaani ile yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 ya mauzo yote, wala si ya faida, tangu Julai 2023. Basi mwenye kupokea fedha za duka, fedha alizotumiwa na mwanawe aliyeko Ghuba, na mchango wa chama cha akina mama, zote katika namba moja ya Lipa na M-Pesa, ameyafanya mauzo yake yaonekane makubwa kuliko yalivyo. Namba ya duka iwe ya duka. Usafi huu hauhitaji programu yoyote, na bila huo hakuna programu itakayokusaidia.

Mambo ambayo programu haiyajui

Programu hizi zimetengenezwa na watu wasioyajua mambo yetu, na yapo mawili ambayo Mwislamu lazima ayatazame mwenyewe.

La kwanza ni nyongeza juu ya deni. Baadhi ya programu zina mahali pa kumtoza mteja ziada kwa kuchelewa kulipa, na mara ikishawashwa huongeza yenyewe kila mwezi. Nyongeza hiyo ni riba. Ingia katika mipangilio uhakikishe imezimwa. Na programu ikikuletea ujumbe wa kukupa mkopo kwa sababu imeyaona mauzo yako, soma masharti kwanza kabla ya kubonyeza.

La pili ni zaka. Mwaka wa programu kwa kawaida huanza Januari, na mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, siku zipatazo 354. Kisha programu huandika bidhaa kwa bei uliyonunulia, ilhali bidhaa za biashara katika zaka hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku ile inapowajibika. Kwa hiyo programu ifaayo ni ile inayoweza kutoa orodha ya bidhaa, fedha na madeni kwa tarehe yoyote uitakayo. Ukishaipata orodha hiyo, makadirio utayafanya wewe, na palipo na shaka mwendee mwenye elimu aliye karibu nawe.

Siku mwenyewe hayupo

Twalimaliza na jambo lililo zito kuliko yote. Mwenye duka akifariki, mali yake haigawiwi mpaka azikwe kwa mali hiyo, kisha madeni yake yalipwe, kisha wasia utekelezwe, ndipo warithi wapewe haki zao. Sasa fikirini duka ambalo madeni yake yote yamo ndani ya simu, na simu ina neno la siri alijualo marehemu peke yake. Wauzaji wa jumla watakuja na madai yao, wa kweli na wasio wa kweli. Wadaiwa watanyamaza. Mjane aliyetoa mahari yake au dhahabu yake iwe mtaji wa duka hatakuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba sehemu ile ilikuwa yake, na mayatima watarithi ugomvi. Qur'ani Tukufu imeliwekea jambo la kuandika madeni aya iliyo ndefu kuliko aya zote, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara. Aya hiyo yatuagiza tusichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa, na tutaje muda wake.

Basi yafanyeni haya. Mtaji wa mke uandikwe kwa jina lake siku ile unapoingia dukani, liwe ni deni au ni sehemu ya ushirika. Watu wawili wa nyumba wajue kuifungua programu na kuisoma. Namba ya siri ya M-Pesa ni jambo jingine, hiyo haipewi mtu. Kila mwisho wa mwezi, orodha ya wadaiwa na wadai itolewe katika karatasi na kuwekwa mahali salama nyumbani. Na msiingie katika programu isiyokuruhusu kuzitoa hesabu zako katika jedwali ukazihamishia kwingine, kwani siku kampuni itakapofunga au kupandisha bei, hesabu zako zitakuwa mateka.

Anayetaka kuanza, na aanze hivi. Achague siku moja, ahesabu bidhaa zote, aandike kila anayemdai na kila anayemdaiwa, kisha ahesabu fedha zilizopo. Mwezi mzima aandike katika daftari na katika programu pamoja. Siku ya mwisho alinganishe. Zikipatana, aiamini programu, lakini asilitupe daftari: sheria ya Kenya yataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka 5. Zikihitilafiana, atafute kosa kabla ya kuendelea. Na akiona baada ya mwezi kwamba programu imejazwa siku kumi tu, ajue hiyo siyo yake, arudi ngazi moja chini bila kuona haya. Daftari la shilingi mia linalojazwa kila siku ni bora kuliko programu ya maelfu iliyolala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki biashara zenu na aziepushe nyumba zenu na dhulma ya kudhulumu na kudhulumiwa.

Wabillahi tawfiq.