Mwenye mashine aulize umbo la rota

Wenye mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji hununua mota kwa kutazama mambo mawili: nguvu za farasi na bei. Rota, kile chuma kinachozunguka ndani, hakuna anayeiulizia. Hasara huanzia hapo.

Mota ya kawaida ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kiwango chake. Ili kupunguza kishindo hicho, wabunifu walibadili umbo la rota. Wengine walizamisha fito zake ndani zaidi, wengine wakatia vizimba viwili vya fito, kimoja ndani ya kingine. Rota hiyo huondoka kwa nguvu hata kinu kikiwa na mzigo, nayo inafaa sana mashine ya kuwashwa kwa swichi tu.

Lakini siku hizi inauzwa inveta ya kubadili mwendo wa mota. Yenyewe huanza taratibu, hivyo vizimba viwili havina kazi kubwa tena; umeme wa inveta huvipasha joto bure. Muuzaji anayemtoza mkulima vyote viwili anamwonea.

Kwenye pampu nafuu ni kubwa. Mwendo ukipunguzwa kwa asilimia 20, maji hupungua kwa kiasi hicho hicho lakini umeme hushuka karibu nusu, ingawa penye kisima kirefu nafuu hiyo haifiki yote. Feni ya mota nayo hupunguza kasi, na mota inayotembezwa polepole mno huungua. Wauzaji waandike kwenye risiti aina ya rota na mwendo wa chini unaoruhusiwa, ili mota ikiungua ijulikane nani anamlipa fundi wa kuisuka upya.