Swala wa Chuma Anauzwa: Breki Je?

Wahenga wa Pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia juzi mjini Meru, pale Makutano, nilipoona umati umelizunguka gari moja mithili ya watu wanaomtazama bibi arusi.

Lilikuwa Chevrolet Impala la mwaka 1964, gari la Kimarekani lenye urefu upitao mita tano. Rangi yake damu ya mzee. Bampa zang'aa hata waweza kujitazama uso. Viti vipya vya ngozi, rimu pana, na injini iliyobadilishwa ikatiwa yenye nguvu kuliko ile ya asili. Kiooni pamebandikwa karatasi: LINAUZWA.

Nami, mpenzi msomaji, niliduwaa. Nilipokuwa mtoto wa chuo, magari ya aina hii ndiyo yaliyobeba maharusi mtaani kwetu, nasi tukiyakimbilia na mbao zetu za kuandikia mikononi. Impala ni swalapala, mnyama ambaye hata Mbuga ya Meru anapatikana. Ni nani asiyependa swala?

Nikamwendea fundi.

"Kazi ya mkono wako hii, bwana fundi?"

"Yangu, mzee. Miaka miwili. Milango ilikuwa imeoza; nimekata bati nikaifua upya kwa nyundo."

"Na breki?"

Akanyamaza kidogo. "Breki ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Wateja huuliza rangi na mlio, mzee."

Hapo ndipo penye jambo. Gari la miaka ile lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hutoka katika chumba kimoja tu cha masta silinda. Mpira mmoja ukipasuka, mafuta humwagika na magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Marekani yenyewe iliuacha mtindo huo: tangu mwaka 1968 sheria yake ilidai breki za njia mbili, ili moja ikifa nyingine isalie. Tena ngoma zikipata moto katika mteremko mrefu hupungukiwa na nguvu ya kukamata. Sasa mpe swala huyo, mwenye uzito upitao tani moja na nusu, injini kali kuliko aliyozaliwa nayo. Umemwongezea mbio, hukumwongezea hatamu.

Na barabara yenyewe ni ipi? Ukitoka Meru kwenda Embu wapita Chogoria, Chuka na Runyenjes. Mito ishukayo Mlima Kenya imelikata bonde baada ya bonde, nayo njia hushuka na kupanda. Pale daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likienda Mombasa lilitumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa, na habari za mwanzo zilitaja kushindwa kwa breki. Msiba ule ulililiwa Meru na ukaliliwa kwetu Pwani.

Simlaumu fundi. La hasha! Kuligeuza bati lililooza kuwa mlango ni sanaa, na ni elimu ambayo wengi wameipata kwa kushika spana tu, bila cheti. Nayo magari haya hayaongezeki: Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likishapita umri wa miaka minane. Yaliyopo ndiyo yayo hayo, na bila mkono wa fundi yangekwisha kuwa chuma chakavu.

Lakini kutengeneza ni kitu kimoja, na kuuza ni kingine. Chuoni tulifunzwa kwamba mwenye kuuza kitu akijua aibu yake humpasa aiseme. Akiificha, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Sheria ya nchi ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Anayenunua kwa mtu binafsi aghalabu huambiwa afumbue macho yake mwenyewe. Logibuku nayo itakuonyesha injini na rangi, lakini haitakuambia kama mpira wa breki ni wa jana au wa mwaka 1964.

Basi rai yangu ni hii. Kila gari kuukuu lililofufuliwa na liuzwe pamoja na karatasi ya fundi: nini kimebadilishwa, lini, na nini kimebaki cha zamani. Karatasi hiyo itamkinga mnunuzi, na itampa fundi heshima anayostahili, maana leo jina la Chevrolet lasomeka kwenye gari na jina la aliyelifufua halisomeki popote.

Nawe ndugu mnunuzi, ukifika Makutano ukavutwa na ile damu ya mzee, muulize fundi habari za breki kabla hujamuuliza bei.