Nani Aliandaa Karamu ya Mwisho?

Juzi nilikaribishwa chakula kwa wanandoa wapya pale Musoma. Sebule safi, sofa bado zina nailoni zake, na juu ya TV, kama nyumba nyingi kuanzia Musoma, Bunda mpaka Butiama, kuna picha ya Karamu ya Mwisho.

Bibie karudi kazini saa 12 jioni. Hata mkoba hajauweka vizuri, kakimbilia jikoni kuhangaika na sato. Bwana katulia na rimoti. Nikamtania, "Shemeji, humsaidii mwenzio?" Akaonyesha ukutani. "Shem, pale mezani umemwona mwanamke?" Tukacheka. Bibie naye alicheka, ila kicheko cha mdomoni tu.

Nilirudi nyumbani na ile picha kichwani. Leonardo da Vinci aliichora Milan kati ya 1495 na 1498, kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula wa watawa wanaume. Wanaume walichorewa wanaume wenzao. Leo tunaitumia kuamua nani aoshe vyombo!

Na si hiyo tu. Maria Magdalena amechorwa kwa karne nyingi nywele zikiwa wazi, analia, kahaba aliyetubu. Biblia haisemi hivyo popote. Ni Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya mwaka 591, aliyemchanganya na mwanamke mwingine mwenye dhambi. Kalenda ya Kanisa Katoliki ilirekebisha jambo hilo mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 iwe sikukuu, sawa na ya mitume. Luka 8 inasema yeye, Yoana na Susana walimhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao wenyewe. Yaani kina dada walikuwa wanatoa bajeti!

Wanaume wa Mara, msiseme ni mambo ya kizungu. Pale Butiama, Chifu Nyerere Burito alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Kijana huyo alipokuwa Makerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, na mwaka 1953 akafunga ndoa na mke mmoja, Maria.

Sasa shemeji yangu, picha usiitoe. Ila fungua Luka 22, mstari wa 8. Yesu aliwatuma nani wakaandae ile karamu? Petro na Yohana. Wanaume wawili, tena wakubwa wa kanisa, ndio waliopelekwa kuandaa meza!

Kwa hiyo kesho bibie akichelewa kazini, wewe vaa kanga kiunoni, menya vitunguu. Na wewe dada, usicheke cha mdomoni. Kama kitu kinakuuma, kiseme mapema, tena kwa upendo, kabla hakijageuka kinyongo.

Tukutane mwezi ujao!