Mtoto wa Ugenini na Tufani



Nyumba nyingi za pwani yetu zina kijana aliyevuka bahari kwenda kutafuta elimu. Baadhi yao wako Marekani, katika majimbo ya kusini kama Texas, Louisiana na Florida, ambako majira ya tufani huanza tarehe 1 Juni hata 30 Novemba. Mzazi humpigia simu mwanawe, akamwuliza kama amekula na kama anasali. Maswali hayo ni mema, lakini liko moja twalisahau: "Ukiambiwa uhame leo, utahama na nani, uende wapi?"

Tarehe 27 Agosti, 2005, wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, walikuwa ndio kwanza wanaingiza masanduku yao mabwenini, wakaambiwa waondoke siku ile ile. Mamia wasiokuwa na njia ya kuondoka walipelekwa kwa mabasi hata Jackson, Mississippi. Wengi walidhani watarudi baada ya siku chache. Tarehe 29 tufani iitwayo Katrina ikapiga, kuta za kuzuia maji zikabomoka, mji ukafurika. Na chuo hakikufungua masomo mpaka Januari 2006. Fikirini hali ya mgeni aliyeacha pasipoti yake mezani!

Basi, wanetu, kabla ya Juni ulizeni chuoni kama yapo mabasi ya kuwahamisha wasio na gari, na mjiandikishe. Wekeni katika mfuko usiopenya maji pasipoti, hati ya chuo iitwayo I-20, dawa, fedha kidogo, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwani simu huzimika. Nakala za hati zitumeni nyumbani. Onyo la tufani hutolewa kiasi cha saa 36 kabla ya upepo mkali kutazamiwa kufika. Mkiamriwa kuhama, msingoje kuuona upepo; maji huua watu wengi kuliko upepo.

Nanyi wazazi, msimwambie mtoto abaki kwa kuhofia mtihani au nauli. Mtihani hurudiwa. Tengeni mapema fedha ya safari hiyo, na mchague mtu mmoja wa kupokea habari zake na kuwaarifu jamaa wote. Simu ishirini za shangazi na wajomba zitaimaliza simu yake nguvu, naye yuko njiani.

Tufani iliyoipiga Unguja mwaka 1872 na kuangusha mikarafuu haikutanguliwa na onyo kama hili. Wanetu leo huambiwa mapema, na hiyo ni neema. Kuipuuza si ushujaa, wala kufunga mzigo hakupunguzi tawakali. Mwezi huu, mkipiga simu, liulizeni swali lile, wala msikate simu kabla ya kupata jibu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wanetu wote walio ugenini. Amin.