Juma la Mfanyakazi Laanza Lini?

Ukiuliza juma lina siku ngapi, hata mtoto wa darasa la kwanza atakujibu. Lakini uliza juma la mfanyakazi wa mashamba ya chumvi pale Saadani laanza siku gani, utaona watu wazima wakitazamana. Wengi hudhani hilo ni shauri la karani. Sivyo, ni shauri la fedha ya mfanyakazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imelikata neno hili. Juma ni siku saba zinazohesabiwa tangu siku ile ambayo mfanyakazi kwa kawaida huanza juma lake la kazi. Saa za kawaida zisizidi 45 katika juma hilo, wala 9 kwa siku. Zinazozidi ni za ziada: hazifanywi ila kwa mapatano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa saa.

Sasa na tuitazame hila. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, ambaye desturi yake ni kuanza Jumatatu, amekaa bure tangu Alhamisi kwa mvua za vuli. Jua likatoka, akafanya kazi saa 9 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni saa 54. Kisha mvua ikarudi, naye asiingie kazini hadi Alhamisi. Karani afungua daftari, asema juma la kampuni laanza Alhamisi! Basi saa 27 zaingia juma lililopita, na 27 juma lijalo, na saa za ziada zimeyeyuka. Ikiwa mshahara wake wa saa ni shilingi 2,000, zile saa 9 zilikuwa shilingi 27,000.

Bwana mwajiri atasema: mbona siku za mvua nilimlipa naye amekaa? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini sheria haikumfungia mlango. Yaruhusu saa zitandazwe juu ya majuma mengi, hata mwaka mzima, ila kwa mapatano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, na wastani wa saa za kawaida usipite 40 kwa juma. Mwenye kutaka unafuu huo akae mezani na wenzake. Asiupate kwa kalamu ya karani usiku.

Mambo haya si mageni. Katika mashamba ya katani enzi za ukoloni, mwezi wa kibarua haukuwa wa kalenda. Ulikuwa siku 30 zilizotiwa alama katika kipande chake, na siku asiyomaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa.

Twataka siku ya kuanza juma iandikwe katika maelezo ya kazi anayopewa kila mfanyakazi, wa chumvi na wa hoteli za hifadhini vilevile, na ibandikwe ukutani pale pale sheria inapomtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi. Mfanyakazi naye awe na daftari lake, aandike saa ya kuingia na ya kutoka. Akipunjwa, aanze kwa chama chake cha wafanyakazi. Ikishindikana, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijapita.