Nyumba ya kupangisha Kahama, Geita na Shinyanga: Hesabu mafiga ya mtaa kabla ya kununua

KILA msimu wa mavuno unapomalizika, madalali wa viwanja na nyumba katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita hupata kazi. Mkulima aliyeuza pamba au mpunga, mfugaji aliyetoka mnadani na mfanyabiashara mdogo aliyejikusanyia akiba hufika mjini wakiwa na wazo moja: kununua nyumba ya bei nafuu. Familia itakaa humo wakati watoto wanasoma, na baadaye nyumba hiyo hiyo itapangishwa ili iwe pensheni ya mtu asiye na mwajiri.

Wazo hilo ni zuri. Tofali halifi kwa ukame kama ng'ombe. Isitoshe, watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Geita ukiwa na watu wapatao milioni 1.7, na ile ya mwaka 2022 iliwakuta karibu milioni 3. Shinyanga nayo ilitoka watu milioni 1.5 ikavuka milioni 2.2 katika kipindi hicho. Watu hao wote wanahitaji mahali pa kulala.

Tatizo liko kwenye swali ambalo wanunuzi wengi huanza nalo. Huuliza mgodi uko wapi, kisha hutafuta nyumba iliyo karibu na geti. Uchambuzi huu unapendekeza swali lingine litangulie: je, siku mgodi utakapopunguza kazi, mpangaji wangu atalipwa mshahara na nani?

Mgodi una umri wake

Historia ya karibuni ya kanda hii inatosha kutufundisha. Mgodi wa Buzwagi, ulio kilometa chache tu kutoka Kahama mjini, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia mwisho wake mwaka 2021. Hiyo ni miaka 12 tu.

Bulyanhulu, katika eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Msalala, haukufungwa kwa kuishiwa dhahabu. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na Septemba mwaka huo kampuni ya Acacia ikatangaza kupunguza shughuli, hatua iliyogusa ajira zipatazo 2,000. Uchimbaji chini ya ardhi ulirejea mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya Barrick kuichukua Acacia na kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mwenye nyumba ya kupangisha pale Kakola, jirani na mgodi huo, alipaswa kuwa na pumzi ya miaka mitatu.

Hata almasi haina uhakika. Mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu, umekuwapo tangu mwaka 1940, lakini ulisimamisha uzalishaji Aprili 2020 na kuurejesha mwaka 2021. Novemba 2022 bwawa lake la maji tope likapasuka na kazi zikasimama tena. Mfanyabiashara wa Maganzo anaelewa maana ya mambo hayo bila kuelezwa.

Kwa wachimbaji wadogo mzunguko ni wa kasi zaidi. Ikisikika rashi mahali, chumba cha udongo hupanda bei ndani ya wiki moja. Dhahabu ikihama, wapangaji huhama usiku na deni lao. Nyumba haihami.

Hesabu isiyodanganya

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme nyumba iliyo jirani na mgodi inauzwa shilingi milioni 40 na pango lake ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Mnunuzi huzidisha mara 12, akapata milioni 3 kwa mwaka, akafurahi. Lakini nyumba ya kupangisha haijai mwaka mzima. Tukitoa miezi miwili ya kukosa mpangaji, na shilingi 300,000 za matengenezo na kodi, inabaki milioni 2.2. Kwa mwendo huo, fedha ya kununulia itarudi baada ya miaka 18 hivi.

Sasa tuweke umri wa Buzwagi kwenye hesabu hiyo. Aliyenunua siku ya kwanza ya uzalishaji angekuwa amekusanya milioni 26.4 siku ya kufungwa. Aliyenunua mwaka wa sita angekusanya nusu yake tu, tena pengine aliinunua kwa bei ya juu kwa sababu mgodi ulikuwa umechangamka.

Tuseme mtu mwingine amenunua nyumba ya vyumba vinne kwa milioni 20 katika mtaa wa kawaida, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 40,000. Hiyo ni 160,000 kwa mwezi. Tukitoa makato yale yale, kwa mwaka inabaki milioni 1.3, na fedha inarudi baada ya miaka 15 na ushee. Tofauti ya miaka si kubwa sana. Tofauti kubwa ni kwamba huyu ameweka nusu tu ya mtaji, mpangaji mmoja akihama watatu wanabaki, na mtaa wake haumtegemei mwajiri mmoja.

Kahama yapata funzo

Mwaka ule ule wa 2021 ambao Buzwagi ilifikia mwisho, Kahama ilipandishwa hadhi kuwa Manispaa. Mji haukugeuka gofu, kwa sababu haukuwa umesimama juu ya figa moja. Mpunga wa vijijini hukobolewa na kuuzwa Kagongwa. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita katika barabara yake. Isaka, yenye bandari kavu ya reli, haiko mbali. Wachimbaji wadogo na wanunuzi wa dhahabu nao huja mjini kununua vifaa, kulala na kufanya biashara.

Chungu hakikai juu ya figa moja, na mtaa wa kupangisha ni hivyo hivyo. Figa la kwanza ni mgodi. La pili ni soko: mazao, mifugo, barabara na maduka. La tatu ni mshahara wa Serikali na huduma, yaani shule, chuo, hospitali na ofisi. Mtaa wenye mafiga mawili ununuliwe kwa uangalifu, na wenye matatu ununuliwe mapema. Wenye figa moja uachiwe mwenye fedha za kupoteza.

Tuipime miji yetu mitatu

Manispaa ya Shinyanga ndiyo yenye kelele kidogo, na pengine ndiyo inayomfaa zaidi mwenye kipato cha msimu. Wapangaji wake wengi ni watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara. Kizumbi kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kolandoto kuna hospitali na chuo cha afya. Mwawaza kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Maeneo haya yako pembeni, hivyo ardhi yake kwa kawaida ni nafuu kuliko katikati ya mji, lakini kila moja lina kitu kinacholeta watu kila mwaka. Ngokolo, Ndembezi na Kambarage viko karibu zaidi na shughuli za mji, na anayenunua huko ajiandae kulipia ukaribu huo.

Kahama inampa mwenye nyumba wapangaji wa biashara. Nyasubi, Nyahanga, Majengo, Malunga na Mhongolo ni mitaa ya kutembelea kwa miguu kabla ya kuamua. Mwendakulima, inayopakana na Buzwagi, inahitaji akili zaidi. Eneo la mgodi uliofungwa limetengwa kwa ajili ya uwekezaji wa viwanda, na huenda likaleta ajira. Lakini mpango si mpangaji. Usilipie leo bei ya kiwanda ambacho hujaona wafanyakazi wake wakiingia zamu. Hali kadhalika kwa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021: kambi ya wajenzi hujaza vyumba, na kazi ikiisha kambi huondoka.

Geita ndio mji wenye mvuto mkubwa na hatari kubwa. Mgodi wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000 na sasa unachimba hata chini ya ardhi. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, ofisi na watumishi wakaja. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu, likawaleta wanunuzi na wauzaji mahali pamoja. Kwa hiyo mitaa ya Nyankumbu, Bombambili, Buhalahala na Kalangalala haitegemei geti la mgodi peke yake. Katoro nako, kwenye njia ya Chato, biashara ni kubwa, na mwenye duka anaweza kuishi nyuma na kupangisha fremu za mbele.

Udongo, maji na barabara

Mkulima wa Usukumani ana ujuzi ambao dalali hana. Anaujua udongo. Mbuga, ile nyeusi inayompa pamba na mpunga, huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta ulio juu yake hufanya hivyo hivyo. Nyumba iliyojengwa kwenye luseni, yaani kichanga, haina usumbufu huo mkubwa. Kagua nyumba kiangazi uone nyufa, kisha irudie siku ya mvua uone maji yanakokwenda. Shimo la choo linalojaa maji masika litakukimbizia wapangaji.

Maji ya bomba ni pango la ziada. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria uliozinduliwa mwaka 2009 ulibadili maisha ya Shinyanga na Kahama, lakini bomba kuu kupita mjini si sawa na maji kufika uani. Uliza majirani hutoka mara ngapi kwa wiki. Geita, pamoja na kuwa karibu na ziwa, umekuwa na uhaba wa maji ya bomba kwa miaka mingi, hivyo nyumba yenye kisima au tangi hupata mpangaji haraka. Jua pia nauli ya bodaboda kutoka nyumba hiyo hadi sokoni, kwa kuwa mpangaji huijumlisha kwenye pango kabla hajakujibu.

Karatasi kabla ya fedha

Kanda hii ina mtego ambao mikoa mingi haina. Hati ya ardhi haimpi mtu madini yaliyo chini, na mahali penye nyumba panaweza kuwa ndani ya leseni ya mgodi. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, Geita, ziliondolewa katika eneo lililokuwa ndani ya leseni, na baadhi zikaishia kwenye vibanda vya turubai. Nenda ofisi ya Ofisa Madini Mkazi, iwe Geita, Kahama au Shinyanga, uulize kama kiwanja hicho kina leseni juu yake, kubwa au ndogo. Kama kipo karibu na vigingi vya mgodi, fikiri mara mbili hata kikiwa rahisi. Urahisi huo una sababu.

Kwa kiwanja kilichopimwa, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri, lakini hauhamishi hati. Kwa kiwanja kisichopimwa, waite majirani wa pande zote, na uulize ofisi ya mipango miji kama hapo hapajatengwa kuwa shule au barabara. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kutoka katikati ya barabara. Fremu nyingi zimechorwa alama ya X kwa kulisahau hilo. Mwisho, hakikisha mke au mume wa muuzaji ametia saini. Sheria inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia.

Nunua ukijua utaipangisha

Kwa kuwa utakaa humo kwanza, ni rahisi kusahau mpangaji wa kesho. Mita ya LUKU ya pekee kwa kila upande huondoa ugomvi. Mlango wa pembeni na choo cha ndani huongeza pango kuliko dari ya kupendeza. Kama fedha haitoshi nyumba nzima, pagale lililofika lenta lenye karatasi safi ni bora kuliko nyumba iliyopakwa rangi yenye karatasi za mashaka. Utalipaua baada ya msimu ujao.

Weka pia kodi kwenye hesabu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kodi ya jengo la kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, na pango nalo ni kipato kinachotozwa kodi. Andika mkataba hata kwa chumba kimoja, na toa risiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ukifika kwenye mtaa unaoutaka, usimuulize dalali. Kaa kwenye genge la pale asubuhi moja na jioni moja, uhesabu wanaopita: wangapi wamevaa sare za mgodi, wangapi wana madaftari ya chuo, wangapi wamebeba magunia ya biashara. Ukiona aina moja tu ya watu, weka fedha yako mfukoni uendelee kutafuta.